Uzi: Umepangiwa kozi ya Mipango Miji na Mikoa? Kaa hapa kwanza, nina miaka 11 kazini

Kigingi (#1)

Wakuu, salaam.

Kila majina ya waliochaguliwa vyuoni yakitoka, inboksi yangu inajaa swali moja: "Kaka, nimepangiwa Mipango Miji na Mikoa, ina ajira?" Mwaka huu nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, atakayekuja mwakani ataelekezwa huku.

Mimi nilisoma EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), nikaingia Chuo Kikuu Ardhi bila kujua naenda kusomea nini. Niliijaza kozi kwa sababu jirani yetu alikuwa mpimaji wa ardhi na alikuwa na Hilux. Nilipofika mwaka wa pili ndipo nikaelewa kwamba mpimaji na mtu wa mipango miji ni watu wawili tofauti, na kwamba ile Hilux ilikuwa ya mradi.

Kozi ni miaka 4. Kinachowatoa wengi jasho ni studio. Mnapewa eneo, mnalichunguza, mnachora, kisha mnasimama mbele ya walimu mkiulizwa kila mstari umetoka wapi. Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha hakuna anayelala. Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa mzuri, nakiri: shule katikati, zahanati jirani yake, soko karibu na barabara, bustani kubwa tu. Halafu tukapelekwa fildi kwenye mtaa wenyewe. Pale nilipochora shule palikuwa na nyumba. Kwenye nyumba kulikuwa na bibi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na makaburi matatu. Bibi akatutandikia mkeka, akatazama karatasi yetu kwa muda, akauliza: "Sasa wajukuu zangu, hii shule yenu itakaa juu ya babu yenu?"

Miaka 11 baadaye bado naulizwa swali hilo, kila mara na mtu mwingine. Mji hautusubiri. Sehemu kubwa ya kazi yetu ni kufika mahali watu wakiwa wameshanunua, wameshajenga, wameshazika, ndipo sisi tunakunjua ramani. Ukiingia kozi hii ukidhani utachora mji kwenye pori tupu, utaumia moyo mapema sana.

Si kwamba mipango haikuwepo. Dar es Salaam imekuwa na mpango kabambe (mpango mkuu wa jiji zima) wa 1949, ukaja wa 1968, ukaja wa 1979. Sensa ya 1978 ilihesabu watu 843,090. Sensa ya 2022 imehesabu 5,383,728. Kati ya hapo jiji lilikaa zaidi ya miongo mitatu likipanuka huku mpango wa 1979 ukizidi kuzeeka kabatini. Hao watu milioni nne na ushee walioongezeka hawakulala barabarani. Walinunua vipande vya mashamba kwa wenyeji, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kwa karatasi ya daftari na mashahidi wawili, wakajenga. Nasi tunaita "makazi holela", kana kwamba mtu aliamka asubuhi akaamua kuwa holela.

Na hata ile mipango ya zamani haikuwa safi kama wazee wanavyosimulia. Majina yenyewe yanasema: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Ukisimama Mnazi Mmoja leo unaona uwanja mzuri wa kupumzika, lakini ule uwazi uliachwa ili Kariakoo ya Waafrika isigusane na upande wa Wahindi na Wazungu. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Mambo ya namna hiyo utayasoma mwaka wa kwanza, na binafsi naona ndiyo masomo bora kuliko yote pale chuoni, maana yanakufundisha kwamba mstari kwenye ramani una mwenyewe aliyeutaka.

Sasa ajira. Tanzania Bara ina halmashauri 184 na kila moja inahitaji Afisa Mipango Miji. Kuhitaji ni kitu kimoja, kibali cha kuajiri ni kingine. Matangazo yanapitia Sekretarieti ya Ajira, unafanya usaili wa kuandika, ukipita unaitwa wa mahojiano, kisha unasubiri. Mimi nilisubiri karibu miaka miwili. Wakati huo nilifanya kazi ya kujitolea kwenye kampuni ya upangaji, nalipwa nauli na chakula cha mchana. Nawajua wenzangu waliosubiri miaka mitano, mmoja sasa ana duka la vifaa vya ujenzi Chanika na anafanya vizuri kuliko mimi.

Nje ya halmashauri kuna wizara, Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, mashirika ya nyumba, mashirika yasiyo ya kiserikali, na kampuni binafsi. Kampuni zilichanua sana wakati wa urasimishaji (kupanga na kupima maeneo ambayo watu wameshajenga ili wapate hati), nitarudi huko. Ukitaka kusaini mchoro kwa jina lako au kufungua ofisi yako lazima usajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wataalam wa Mipango Miji, iliyoundwa kwa sheria ya 2007. Usajili unataka uwe umefanya kazi chini ya aliyesajiliwa. Usimalize chuo ukakaa nyumbani ukingoja tangazo. Nenda kakae kwenye ofisi ya mtu, hata kama ni bure.

Nyongeza ndogo: ukijitambulisha "mimi ni mpangaji", watu watakuuliza umepanga wapi na kodi shilingi ngapi. Zoea.

Karibuni na maswali. Matusi pia yanapokelewa, tumezoea.

Bwana_Chai (#2)

Mkuu nimefurahi umejitokeza mwenyewe. Ni nyie mliopanga karakana ya mwendokasi iwekwe Jangwani? Maana mvua ikinyesha mabasi yanaogelea.

Kigingi (#3)

Hahaha. Hilo tunaulizwa mpaka kwenye harusi.

Nikujibu kwa unyoofu. Bonde la Msimbazi lilijulikana kuwa bonde la mafuriko kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Desemba 2011 maji yalibeba nyumba na watu, waliookolewa wakapelekwa viwanja vya Mabwepande. Mwendokasi ikaanza kutoa huduma 2016, karakana ikiwa pale pale. Kwa nini? Maoni yangu binafsi: eneo tupu katikati ya mji ni kama sahani ya pilau kwenye kundi la watoto. Ukienda kulia au kushoto ya bonde utalipa fidia mpaka mradi uishe. Bondeni hakuna wa kulipwa. Kwenye karatasi za gharama bonde linashinda kila mara. Kwenye mvua linashindwa kila mara.

Sasa upo Mradi wa Bonde la Msimbazi, fedha za Benki ya Dunia, watu wamelipwa na kuhama, na daraja la Jangwani limo humo. Yaani tunalipa leo kile tulichodhani tumekiokoa.

Pima_Kwanza (#4)

Mpimaji nimeingia. Wakuu msimsikilize sana huyu. Hawa jamaa wanakaa ofisini na kiyoyozi wanachora barabara ya mita 10. Sisi tunafika na mashine zetu tunakuta njia ya mita 3, upande huu choo, upande ule mkaanga chipsi. Nani anapigwa mawe? Mpimaji. Mtu wa mipango miji hajawahi kukimbizwa na mbwa.

Kigingi (#5)

Nimekimbizwa na mbwa mara mbili, na mara moja na mama mmoja mwenye mchi. Endelea kupima, ndugu yangu, Hilux yako ya mradi inakusubiri nje.

Mama_wa_Goba (#6)

Mwanangu Kigingi, mimi si msomi wa mambo hayo, nina shida yangu. Mtaani kwetu walikuja watu wa kampuni na mwenyekiti akatuitisha kikao, tukaambiwa tuchange laki moja na nusu kila nyumba, tupimiwe tupate hati. Nililipa kwa mafungu mawili, risiti ninazo. Walichora, waliweka mawe kwenye baadhi ya nyumba, halafu wakapotea. Sasa ni mwaka wa sita. Simu hawapokei. Kila nikienda ofisini naambiwa "mama, mchoro upo". Mchoro upo, hati haipo. Huo mchoro naula?

Kigingi (#7)

Mama, shikamoo. Pole sana. Hili si lako peke yako, nimelisikia kwenye mitaa mingi.

Nikueleze mlolongo ulivyo ili ukienda tena ofisini uulize swali ambalo hawawezi kulizungusha. Kazi yote ina ngazi tatu, sisi tunaita KKK: kupanga, kupima, kumilikisha. Kupanga ni mchoro wa mipango miji, unaoonyesha nyumba zilizopo, njia, na maeneo ya huduma. Unajadiliwa mtaani, unapitishwa halmashauri, kisha unaidhinishwa na mamlaka ya juu na kupewa namba. Kupima ni mawe na ramani ya upimaji, nayo inaidhinishwa na kusajiliwa kivyake. Kumilikisha ni hati, na hapo kuna malipo ya serikali ambayo hayakuwemo kwenye mchango wenu.

Ukiambiwa "mchoro upo" bado uko kwenye K ya kwanza. Kwa hiyo uliza: mchoro una namba ya kuidhinishwa? Ukiwa nayo, uliza: ramani ya upimaji ya eneo langu imesajiliwa? Kama imesajiliwa, unaweza kuomba kumilikishwa wewe mwenyewe bila kungoja kampuni wala jirani. Kama haijasajiliwa, shida ni upimaji, na hapo inafaa mwende kama kundi, na barua ya mtaa, na risiti zenu zote. Tangu 2020 kuna ofisi za ardhi za mikoa, kwa hiyo hati haifuatwi tena mbali kama zamani.

Kwa nini wanakwama? Mpango wa biashara ulikuwa hivi: kampuni inaingia mtaa wa nyumba 2,000, inategemea wachange wote. Wanachanga robo au theluthi. Fedha inatosha kuchora na kupima upande mmoja. Waliolipa wanasubiri wasiolipa, wasiolipa wanasubiri waone kama waliolipa wamepata. Wapo waliokula fedha kwa makusudi pia, siwatetei. Lakini hata mwaminifu alikwama.

Na kijana unayesoma hapa, ona jambo hili: miaka ile sisi chuoni tulidhani urasimishaji ndiyo mgodi wetu. Wenzangu wanne walifungua kampuni. Imebaki moja.

Mama_wa_Goba (#8)

Ahsante mwanangu. Jumatatu nakwenda na swali la namba.

DogoWaMbagala (#9)

Shikamoo mkuu. Mimi ndiye haswa uliyemwandikia, nimepangiwa hii kozi na nilikuwa nataka kuhama niende Uhasibu. Maswali yangu: (1) hisabati ni nyingi? (2) hiyo "na Mikoa" ni nini, maana mipango miji naielewa kidogo, ila mikoa? (3) mshahara?

Kigingi (#10)

Marahaba dogo.

Hisabati ya kawaida, takwimu na makadirio ya idadi ya watu. Kama ulipita kidato cha sita hutakufa. Kuandika ndiko kutakutesa zaidi: ripoti, ripoti, ripoti.

Mshahara wa serikali uko kwenye ngazi, hauna siri, muulize mwalimu yeyote mwenye shahada akupe picha. Hutalala njaa, hutanunua Hilux.

"Na Mikoa" ndiyo sehemu ninayoipenda, niruhusu niongee.

Mji hauishi kwa hewa. Maji yanatoka mtoni, chakula kinatoka mashambani, mchanga unachimbwa mahali. Kupanga mkoa au bonde zima la mto ni kuangalia hivyo vyote pamoja. Kwa Tanzania, ukiwa kijijini, kazi hiyo inakuja kwa sura ya mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Kuna sheria yake ya 2007, na nyuma yake Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999.

Niliwahi kukaa kijiji kimoja wiki tatu kwa kazi hiyo. Kwanza mnakutana na Halmashauri ya Kijiji. Mnaunda kamati, wanawake lazima wamo, wafugaji lazima wamo. Mnatembea mipaka kwa miguu na wazee, na hapo ndipo unagundua kwamba mzee wa kijiji hiki anasema mpaka ni mkuyu, na wa kijiji jirani anasema ni mkuyu mwingine. Mikuyu miwili, kilomita moja na nusu kati yake. Siku nne tulikuwa kwenye hiyo kilomita na nusu. Kisha mnachora pamoja, chini, kwenye vumbi, kwa vijiti na majani: hapa malisho, hapa mashamba, hapa msitu, hapa njia ya ng'ombe kwenda kwenye lambo. Ramani ya kompyuta inafuata baadaye. Mwisho inapelekwa Mkutano Mkuu wa Kijiji, na mkutano unaweza kuikataa. Yetu waliikataa mara ya kwanza. Njia ya mifugo ilikuwa imepita karibu mno na mashamba ya mpunga na hakuna aliyetuambia kwamba kiangazi wanalima mpaka kule. Tulirudi kwenye vumbi.

Mpango ukipita, kijiji kinaweza kuwapa watu hatimiliki za kimila. Na ukifanywa hovyo, ofisini, kwa kunakili mpango wa kijiji kingine (nimeuona mmoja uliokuwa na jina la kijiji cha wilaya nyingine ukurasa wa 14), wakulima na wafugaji watakuja kuumizana juu ya mstari ambao hakuna aliyeutembea.

Wazee wetu wa mwaka 1974 walishapangwa kimkoa, tena kwa nguvu: Operesheni Vijiji. Watu walipakiwa kwenye malori wakashushwa kwenye vijiji vipya, nyumba zimenyooka mstari kando ya barabara. Vingine vilisaidia, shule na visima vilifika. Vingine viliwekwa mahali pasipo na maji. Nikiwa fildi, mzee akisikia neno "mpango" ananitazama kwa jicho fulani, na namwelewa.

Jaduong_K (#11)

Hamjambo ndugu wa huko. Mimi niko Kenya, nimefanya hii kazi kaunti mbili. Nimecheka kwa hiyo ya mikuyu, kwetu ni mito.

Huku kwetu kaunti zilipoanza 2013 tulidhani tutaajiriwa sote, kwa sababu kila kaunti kisheria inatakiwa kuwa na mipango yake. Wengine waliajiriwa. Lakini gavana akija na ilani yake, ramani yako inangoja. Sheria mpya ya mipango na matumizi ya ardhi ilikuja 2019.

Dogo, ukitaka kuona hii kazi ikifanywa vizuri, tafuta habari za Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango. Kaya zaidi ya 100,000, mabati kwa mabati, ardhi nyingi ilishagawiwa watu binafsi zamani. Wenyeji walihesabiwa na kuorodheshwa na wenzao wenyewe, wakakaa vikao kwa makundi ya nyumba chache chache, wanasheria, watu wa afya, watu wa maji, vyuo vikuu, wote kwenye meza moja. Barabara zilizotoka humo hazikuwa na upana wa kitabuni. Walikubaliana upana ambao hautavunja nyumba nyingi. Walimu wangu wa zamani wangenipa sifuri kwa mchoro kama ule.

Bwana_Chai (#12)

Sasa mkuu Kigingi, kama kitabu kinasema mita 10 na watu wanakubaliana mita 4, kitabu cha nini?

Kigingi (#13)

Swali zuri, umekuja na chai kweli leo.

Kitabu ni cha kujua unachopoteza. Ukikubali mita 4 unajua gari la zimamoto halitafika ndani, basi weka bomba la maji ya kuzimia moto mahali fulani, acha nafasi moja pana kila baada ya nyumba kadhaa. Asiyejua kitabu anapunguza tu.

Mfano wa kinyume ni Sinza. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilikuwemo kwenye mpango wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970: serikali inapima, inaweka barabara na maji, mwananchi anajenga mwenyewe polepole. Wakati huohuo Manzese, iliyokuwa imeshajengwa, ikaboreshwa bila kuvunjwa. Leo Sinza watu wanaiita mji wa baa na wanacheka, lakini angalia barabara zake: zimenyooka, gari linapita, bomba linapita. Mawe yaliwekwa kabla ya nyumba. Shida ni kwamba hatukuendelea kwa kasi ile. Mradi wa viwanja 20,000 ulikuja 2002, miaka 30 baada ya wazo la kwanza.

Mng'ambo (#14)

Assalaam alaykum. Nami nitie langu, kutoka Unguja. Nyinyi mnasema mji umejengwa ndio mpango ukaja. Kwetu Ng'ambo, ule upande wa pili wa Mji Mkongwe, mpango ulikuja ukakuta mji, ukaupasua. Baada ya Mapinduzi, Wajerumani wa Mashariki walituchorea, barabara mbili pana zikakatana katikati ya Ng'ambo, na majumba ya Michenzani yakasimama. Bibi yangu alikuwa na nyumba ya udongo na makuti, uwani ana mwembe na kuku. Akapewa fleti juu. Maji ndani, umeme, choo cha ndani, vyote alivishukuru. Ila mpaka anafariki alikuwa akiuliza kuku atawafuga wapi.

Kaka Kigingi, chuoni mnafundishwa kuhusu kuku?

Kigingi (#15)

Waalaykum salaam. Hatufundishwi, na tungefundishwa. Swali la kuku ni swali la uwani, na uwani ni nusu ya maisha ya nyumba ya Kiswahili: kupika, kufua, kusuka, kuzungumza, msiba. Ghorofa nyingi zinazojengwa leo bado hazijui pa kuweka jiko la mkaa wala turubai la msiba.

DogoWaMbagala (#16)

Mkuu, na rushwa? Kuna jamaa mtaani kwetu anasema watu wa ardhi wote matajiri.

Kigingi (#17)

Nilijua litakuja.

Nitasimulia moja. Mwaka wangu wa tatu kazini, halmashauri sitaitaja. Kulikuwa na eneo la wazi, kwenye mchoro wa zamani limeandikwa kabisa uwanja wa michezo, na watoto wanalitumia. Siku moja likaletwa mezani "mapendekezo ya marekebisho ya mchoro". Uwanja umekuwa viwanja saba. Aliyeleta hakuwa na bahasha, usidhani ni kama kwenye sinema. Alikuja na maneno: wakubwa wameshaafiki, wewe weka sahihi tu, usicheleweshe maendeleo. Sikusaini. Sikuwa shujaa, niliogopa tu, maana jina langu ndilo lingebaki kwenye karatasi. Niliandika maoni ya kurasa mbili kupinga. Baada ya miezi minne nikapata uhamisho kwenda halmashauri nyingine, mbali, hakuna aliyenieleza sababu.

Nilipita pale mwaka juzi. Kuna ukuta na geti jeusi. Watoto wanacheza barabarani, wanaweka matofali mawili kuwa goli, gari likija wanayaondoa.

Kwa hiyo ndiyo, wapo matajiri. Mtu anayebadilisha rangi ya kipande kwenye ramani, kutoka kijani kwenda kahawia, anabadilisha na bei yake. Utakaa karibu na moto huo maisha yako yote ya kazi. Weka nakala ya kila unachoandika.

Pima_Kwanza (#18)

Hapa kwa mara ya kwanza nakubaliana na Kigingi. Nakala, dogo. Na tarehe.

Mdau_Dom (#19)

Mmeisahau Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ni wa 1973, CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu) ikaundwa mwaka huohuo, mpango ukaletwa 1976, na mji ukakaa ukingoja wakazi miaka arobaini. Ndio mahali pekee nchini ambapo mpango ulifika kabla ya watu! Serikali ilipohamia kweli, CDA ikavunjwa 2017, na vijana wa mipango miji wakapata kazi huku kama mvua.

Kigingi (#20)

Kweli mdau, nimejisahau. Ila hata huko usiseme mpango ulifika kabla ya watu. Wagogo walikuwepo.

Dogo, nimalizie ya kwako. Usihame kwa sababu ya Hilux wala usibaki kwa sababu yangu. Jifunze QGIS, programu ya kuchora ramani, sasa hivi, ni bure, kabla hata hujaripoti chuo. Kuanzia 2015 wanafunzi wa vyuo hapa Dar waliingia mitaani na mradi wa Ramani Huria, wakachora mitaro na njia za kata zinazofurika, na ramani hizo ziko wazi mtandaoni. Pia jifunze kuongea kwenye kikao cha mtaa bila kutumia neno "mchakato".

Nakupa na kazi ya nyumbani. Chukua daftari. Pita njia ya mtaani kwenu kutoka barabara kubwa mpaka mlangoni kwenu, pima upana kwa hatua kila mahali unapobadilika. Andika maji ya mvua yanapita wapi, gari la taka linaishia wapi. Rudi hapa uniambie ulichokiona.

DogoWaMbagala (#21)

Mkuu nimerudi. Nimefanya jana jioni, watu walidhani natafuta kiwanja.

Njia inaanza hatua 9. Ikifika dukani kwa Mpemba ni hatua 6. Ikipita msikiti inakuwa 5, halafu sehemu moja inabaki 3. Gari la taka linaishia dukani, sisi wa ndani tunabeba kichwani. Maji yote yanakuja kwenye hizo hatua 3, ndiyo maana pale huwa pana dimbwi mpaka Juni.

Tatizo ni moja. Kwenye hizo hatua 3, ukuta ni wetu. Mzee aliusogeza 2014 alipojenga choo cha nje. Nimwandike kwenye mchoro au nimwache?

Kigingi (#22)

Mwandike. Halafu kabla hujamwambia chochote, kapime na upande wa jirani.

DogoWaMbagala (#23)

Nimepima. Jirani naye kasogea, hatua moja na kidogo. Nimemuuliza mzee, anasema jirani ndiye aliyeanza. Nimemuuliza jirani.